Bata wa Mipira Iliyopotea

Jumatatu, 8 desemba

Basi bata tulishamukula, hawezi kurudi tena. Andika hivyo kwanza, Cécilia. Tulimukula na mawese na pilipili, tukalamba vidole, tukapiga vigelegele mupaka watu wa pikipiki wakasimama barabarani kuuliza ni ndoa ya nani. Na weye Cécilia usijitoe, ile picha ilikuja kwa simu yako. Majina tu na namba, kichwa cha maandishi kimekatika, na juu kabisa jina la mutoto wako, Hervé, mbele yake moja. Ulilia. Miye nikasema: mujukuu wangu amekuwa wa kwanza kwa ligi nzima ya basketi, huyu bata mweupe halali leo.

Leo asubui nimepita kwa Christophe. Christophe ndo ule wa kibanda cha kuchajisha simu karibu na soko. Zamani alikuwa anapuliza filimbi kwa mechi za basketi, sheria zote anazijua. Ameangalia picha, ameisogeza karibu, ameisogeza mbali.

"Bibi Régina, ule bata iko wapi?"

"Iko tumboni."

"Pole. Hii lisiti ya majina si ya wachezaji wazuri. Ni ya mipira iliyopotea. Mutu iko na mupira mukononi, adui wanamunyanganya, ao anautupa kusiko na mutu. Wanahesabu. Hervé ndo wa kwanza."

"Wa kwanza kule Lubumbashi anakocheza?"

"Ligi nzima, Bibi."

Hata hapo, nisiseme uongo, moyo wangu uliruka kidogo. Ligi nzima!

Jumanne, 9 desemba

Mvua. Sikutoka.

Alhamisi, 11 desemba

Hervé amepiga simu. Amecheka juu ya bata mupaka akakohoa. Amerudilia neno lake la juma lililopita: "Bibi, kila juma nawatumia namba zangu. Na weye nitumie siku zako." Ndo sababu tunaandika. Kalamu miye sijui hata kuishika, lakini mudomo niko nao, na Cécilia alisoma kwa masista.

Sasa, namna wanavyowapima. Christophe alinieleza, nikamuambia rudia, akarudia, nikashika. Kila mechi wanakuandikia pointi ulizoingiza kwa kikapu. Kikapu chenyewe hakina kitako, ndo maana hawashibi. Wanaandika mipira uliyoruka ukaokota. Wanaandika na mipira uliyomupa mwenzako naye akaingiza papo hapo. Hizo wanajumulisha. Halafu wanatoa zile ulizotupa ukakosa, na zile ulizopoteza. Inabaki namba moja, wanaiita evaliasio. Hiyo namba ndo weye. Mutu muzima, na mama yake, na magonjwa aliyopona, na nyimbo anazojua, anaingia ndani ya namba moja na mulango unafungwa.

Kuna musichana kule kwa klabu, Safia, kazi yake ni hiyo tu. Anakaa kando ya uwanja na ordinateri, ile kompyuta, anaandika kila mutu alichofanya. Haruki, hakimbii, hatoki jasho, na vijana warefu kama mulango wa kanisa wanamuogopa. Miye simupendi. Andika. Simujui, lakini simupendi.

Na kumuogopa iko na sababu. Klabu iko na wachezaji kumi na wawili. Mwezi wa pili ukianza, watabakiza wanane, kwa kufuata evaliasio. Wengine warudi kwao. Hervé sasa ni wa kumi.

Akirudi nitafurahi kumuona, Mungu anajua. Lakini hapa Kasongo atafanya nini na ile mikono mirefu? Atateremuka Lusangi kwenye mashimo ya zahabu, kama vijana wote. Baba yake aliteremuka. Bado iko kule chini.

Cécilia, andika tu. Ao tupumuzike? Basi tupumuzike.

Ijumaa, 12 desemba

Nimewapa kuku evaliasio. Ule mwekundu: mayai matano, na mwewe mumoja aliyemufukuza, hizo ni sita. Kutoa: yai moja alilovunja, na ile mara aliyokunya juu ya mukeka wa mugeni. Inabaki ine. Jogoo, sifuri. Makelele hayahesabiwi. Cécilia nilimupa kumi na sita kwa ishirini, ananiuliza zingine zimeenda wapi. Zimeenda kwenye chumvi ya jana, mama.

Jumapili, 14 desemba

Leo niseme juu ya Hawa. Hervé anamujua, lakini nani anajua nani atasoma.

Hawa, Mama Faradji, ndo mwenzangu wa kinu. Yeye ni wa waislamu wa hapa muji, wa zamani sana, babu zao walikuwa wanavaa kanzu wakati babu zetu wanavaa magome. Hayo anapenda kuyasema. Miye nilizaliwa Wamaza, nilikuja hapa na bwana yangu kwa miguu na chungu kimoja kichwani, na mwanamuke wa kwanza aliyenisalimia kisimani ndo yeye. Aliniambia: "Hicho chungu kimepasuka." Kweli kilikuwa kimepasuka. Tangu ile siku mashamba yetu ya mupunga yako pamoja, njia ya mutoni, na tunatwanga kwa kinu kimoja, michi miwili. Wake ukipanda wangu unashuka. Mutu akipita barabarani anasikia tu: pa-pa, pa-pa, anajua ni sisi.

Na sisi wa upande huu tuko na desturi. Muchele mupya haupikwi na mwenye shamba. Ule wa kwanza wa mwaka unaupeleka mubichi kwa mwenzako wa kinu. Yeye ndo anapika, anakuita, unakula kwake. Na wake unakuja kwako. Mutu akijipikia mwenyewe muchele wake mupya, tunasema huyo atakula peke yake mwaka muzima.

Basi Faradji, mwana wa Hawa, mwenye kuuza vitenge sokoni, iko na mutoto anaitwa Ayoubu. Ayoubu na Hervé walikomaa pamoja. Uwanja wa masomo ya kanisa, shule yao, ulikuwa na vikapu viwili, upepo ukaangusha kimoja, hakikurudi. Kikapu kimoja, mupira mumoja, watoto wawili. Itakuwa namna gani? Mumoja anatupa, mumoja anamutafutia mupira na kumupa. Hervé ndo mudogo, basi ndo alikuwa anatoa. Vile vile mupaka leo. Klabu ya Lubumbashi iliwachukua wote wawili, wanalala chumba kimoja, wanapika kwa sufuria moja.

Sasa ule bata. Cécilia, hii usiirukie. Miye nikichinja kitu cha kuita watu, namupelekea kwanza Faradji, yeye ndo anamukata shingo akielekea kibla, na Hawa na watu wake wanakula bila wasiwasi. Miaka yote ni hivyo. Ile siku, kwa furaha, tulimuchinja wenyewe. Hawa amekuja, amekaa, ameangalia sahani.

"Nani alichinja?"

"Haraka ndo ilichinja, Mama Faradji."

Amekula sombe, yale majani ya muhogo, na bugali. Amesema: "Sombe iko tamu." Kisha tena: "Hii sombe, kweli, iko tamu." Mwanamuke akisifu sombe mara mbili kwenye karamu ya bata, kuna kitu ndani ya roho.

Jumatatu, 15 desemba

Christophe amesoma lisiti mupya ya klabu. Ayoubu wa tatu. Hervé wa kumi.

Mupunga umeanza kushika maziwa na ndege wamejua. Tulikuwa shambani, Hawa upande wake na miye upande wangu, tunapiga mabati.

Hawa anasema kwa nguvu, kama anaongea na ndege: "Ndege wa kwangu wanatoroka wenyewe. Wamesikia habari ya wa tatu!"

"Wanatoroka sauti yako."

"Usikasirike, Mama Cécilia. Wa kumi naye ni mutu. Mungu alitupa vidole kumi, hata kile cha mwisho kinakuna sikio."

"Na huyo wa tatu anakula mipira ya nani?"

"Ya Mungu!"

Nilicheka, sababu alisema vizuri. Lakini usiku nilikuwa sicheki tena.

Alhamisi, 18 desemba

Nimemupigia Hervé.

"Mutoto wangu, mupira ukiwa mukononi mwako, kwa nini unamupa mwingine?"

"Bibi, anakuwa pahali pazuri kunipita."

"Na pointi wanamuandikia nani?"

"Yeye."

"Ukimupa akakosa?"

"Hakuna kitu. Haihesabiwi."

"Ukimupa wakaukamata katikati?"

"Wanatoa kwangu."

"Basi tupa mwenyewe."

"Bibi, lakini..."

"Nani alikutafunia mihogo ulipokuwa bila meno?"

"Ni weye."

"Tupa mwenyewe."

Nimefunga simu na nimejiona miye antrenere, mwalimu wao wa mupira.

Noeli

Misa ndefu. Padri nimemupa kumi na ine. Angemaliza mapema angepata kumi na nane.

Jumatatu, 29 desemba

Pointi ishirini na mbili! Hervé peke yake! Ameruka mupaka nafasi ya saba! Nimecheza pale pale mbele ya kibanda, kanga ikaniponyoka, Christophe akageuka kuangalia ukuta.

Alipogeuka tena amesema: "Lakini ekipe, timu nzima, ilipigwa, Bibi. Ilipigwa vibaya."

"Ekipe haina bibi," nikamujibu. "Hervé ndo iko naye."

Ayoubu wa tano. Shambani Hawa amefukuza ndege akinipa mugongo.

Jumatatu, 5 januari

Wamepigwa tena, na tena. Hervé ametupa sana, amekosa sana, na kila unachokosa wanatoa. Amerudi wa kumi. Ayoubu wa sita. Hawa amepita mbele ya nyumba yangu, amesalimia kuku wangu, ameenda.

Jioni Hervé amepiga simu. Sauti kidogo. Nimemuuliza Ayoubu iko wapi, amesema iko pale, kwa kitanda chake. Nimesema nipe nimusalimie. Amesema: "Amelala, Bibi." Saa kumi na mbili ya jioni, kijana wa miaka ishirini na ine amelala! Nimeuliza wamekula nini.

"Miye nimekula maharagwe. Yeye sijui."

"Namna gani hujui? Sufuria si moja?"

"Tulinunua ingine."

Hiyo sufuria ya pili imeniuma kuliko wa kumi.

Jumamosi, 10 januari

Ndege tu.

Jumatano, 14 januari

Ile pembe ya shamba langu iliyo karibu na maji imeiva mbele. Nimekata masuke kwa kisu, nimeanika juu ya shitingi, lile turubai, na leo nimetwanga. Muchi mumoja. Pa... pa... Mutu aliyepita ameniuliza, "Bibi, unapigilia musumari?" Muchi mumoja haupati nafasi ya kupumua, unanyanyua, unashusha, mukono unachoka, unapiga vibaya. Nusu ya muchele imevunjika.

Nimeuweka ndani ya beseni, nimefunika na lungo. Cécilia ameuliza, "Niupike?" Nimemuangalia tu. Akarudisha chungu mahali pake.

Jumamosi, 17 januari

Leo itakuwa ndefu, Cécilia. Kunywa maji kwanza.

Sauti imeingia kwa simu ya Cécilia, si ya Hervé, ya mwanamuke. Tumeisikiliza, tumeirudilia, nimeishika yote. Anasema:

"Shikamoo Bibi. Miye ni Safia, wa hesabu, wa kule kwa klabu. Usishituke, hakuna ugonjwa. Bibi, ile evaliasio munaona inapima mutu mumoja mumoja. Lakini nahesabu na kitu kingine, hiyo hatuitumi kwa watu: napima mechi inatembea namna gani wakati fulani na fulani wako pamoja ndani. Mupaka mbele ya Noeli, Hervé na Ayoubu wakiwa wote wawili uwanjani, sisi tulikuwa tunawapita adui. Mumoja akitoka kupumuzika, adui wanatupita. Sasa tangu Noeli, hata wakiwa wote wawili ndani, namba iko sawa na mumoja ametoka. Hervé hamupi Ayoubu. Ayoubu naye, akizungukwa na watu wawili, afazali apotee na mupira kuliko kumurudishia Hervé. Na antrenere hakubadilisha kitu! Vijana wawili, juma moja, wamegeuka. Nikasema hii si mupira, hii ni maneno ya mutu. Nimewauliza nani amewashauri, wameangalia viatu. Halafu Hervé akasema: ni Bibi. Bibi yangu, uliwaambia nini?"

Nimekaa chini. Miye niko hapa Kasongo, miguu kwenye matope, natupia ndege udongo, na musichana wa Lubumbashi ambaye hajaniona hata siku moja ameniona kwa namba! Aliona mukono wangu ndani ya mechi. Padri mwenyewe hajawahi kuniona vile. Namufutia yale maneno niliyosema mwezi uliopita. Si kufuta, Cécilia, acha yakae, lakini andika hapa kwamba namupenda sasa, na namupa ishirini kwa ishirini, na akipata bwana awe mutu wa kuchota maji bila kuambiwa.

Halafu, nikiwa bado chini, kitu kimenikuna. Safia anasema wote wawili. Ayoubu naye. Lakini miye Ayoubu sikumuambia kitu.

Nimesimama.

Jumapili, 18 januari

Nimetoka misa nimeenda moja kwa moja kwa Hawa. Alikuwa barazani, anachagua maharagwe.

"Hodi."

"Kuku wako hawajambo?"

"Wanakusalimia. Mama Faradji, uliambia Ayoubu nini?"

Ametupa haragwe moja bovu. Ametupa ingine, haikuwa bovu.

"Weye uliambia Hervé nini?"

"Nimekuuliza mbele."

"Nimezaliwa mbele."

"Basi sema mbele!"

Amesukuma lungo pembeni. "Nilimuambia: ule mwenzako anakuwa wa kwanza kwa kupoteza mipira, ukimurudishia mupira umepotea. Ushike mwenyewe. Nilisema hivyo ile siku ya bata, Ayoubu aliponieleza kwa simu ile lisiti ni ya nini, lakini alinisikia tu Hervé alipoanza kumunyima. Nilitoka kwako na njaa."

"Ile siku ya bata! Kumbe ulinitangulia!"

"Na weye?"

"Nilimuambia atupe mwenyewe."

"Nilijua! Nilimuambia Faradji, hizi pointi ishirini na mbili ziko na harufu ya Régina."

Tumeangaliana. Hawa iko na namna ya kucheka, inaanza tumboni, mabega yanatikisika, sauti inakuja nyuma kabisa kama mwenye kuchelewa kazini. Nimeona mabega yanatikisika. Miye nikaanza. Tumecheka mupaka haragwe zimemwagika, na tukiwa tunaokota, nimemuambia: "Ule bata nilikosa. Faradji ndo angemuchinja."

"Ulikosa," amesema. "Na sombe ilikuwa na chumvi nyingi."

Cécilia, umesikia?

Jumatatu, 19 januari

Hervé, ukisoma hapa, jua kwamba hivi ndo ilivyokuwa, usisikilize ya Christophe.

Neno la bibi halitoki hivi hivi. Ukishamuambia mujukuu kitu na nguvu za mihogo uliyomutafunia, haitoshi kusema basi nimeacha. Kwetu Wamaza unachukua maji ndani ya mudomo, unamunyunyizia kwa kichwa, neno linaoshwa. Kwao Hawa anasoma dua, anamupulizia. Tukaenda kwa Christophe, tukawaita vijana kwa simu ya Cécilia, ile namna ya kuonana. Wametokea wote wawili, lakini mumoja huku, mumoja kule, katikati yao mungepitisha ng'ombe.

Hawa akaanza. "Ayoubu, Hervé, kujeni karibu. Karibu! Munaogopa simu?" Wamesogea. Akasoma, akapuliza: fuuu. Vizuri kabisa. Kisha akanipa nafasi.

Nikasema: "Wajukuu wangu, yale maneno yetu mawili ya ujinga, tunayatoa. Mupira utembee vile ulikuwa unatembea kwa kile kikapu kimoja." Halafu nikachukua kikombe, nikajaza mudomo, na nikawanyunyizia.

Basi, namna gani ningefanya? Vichwa vyao vilikuwa pale!

Christophe amepiga kelele kama mutu aliyekanyaga siafu. "Bibi! Simu! Si wao, ni simu!" Simu imewaka bluu, imewaka kijani, imezima. Sura za vijana zimepotea mbele hawajajibu hata neno moja. Hawa anasema: "Yangu ilikuwa upepo tu. Sisi tunafanya vitu vikavu."

Christophe ameifungua, ameipangusa. "Iko muchele mukavu nyumbani?" Kumbe muchele unavuta maji ya simu. Iko, nikasema, iko beseni nzima, inangojea mutu. Basi muchele wangu mupya wa mwaka huu, mbele ya kuingia tumbo la mutu, umemeza simu ya Cécilia.

Alhamisi, 22 januari

Simu bado imelala kwa muchele. Hatujui vijana walisikia ao hawakusikia. Tumeanza kukata mupunga wa Hawa. Yeye mustari mumoja, miye mustari wa pili. Hatusemi sana juu ya Lubumbashi. Tunasema juu ya magoti.

Jumatatu, 26 januari

Tumeenda kwa Christophe tukiwa wawili, lisiti sasa inakuja kwa simu yake. Amesoma pole pole, anajua kututesa.

"Ekipe imeshinda. Ayoubu, pointi ishirini na saba."

Hawa amenishika mukono.

"Hervé, pointi tano."

Nimemushika Hawa mukono.

"Hervé, mipira aliyotoa na wenzake wakaingiza: kumi na moja."

"Kumi na moja!" Hawa amesema. "Na nyingi ziliingizwa na nani?"

"Mama, hiyo karatasi haisemi."

"Haina lazima iseme," miye nikasema. Jibu tulishalipata. Walisikia.

Hervé wa tisa. Wanabakiza wanane. Imebaki mechi moja.

Jumanne, 27 januari

Simu imeamka yenyewe ndani ya beseni, ikaanza kuimba chini ya muchele. Cécilia amekimbia kama nyumba inaungua. Nimepeleka beseni kwa Hawa. Amefunua, amenusa.

"Muchele uliolala na simu."

"Ulilala tu, haukufanya kitu."

"Nitauosha mara tatu. Lakini si leo, Mama Cécilia. Tungojee ile lisiti ya wanane. Nitapika mara moja, ikiwa ya furaha, ikiwa ya machozi, lakini mara moja."

Jumamosi, 31 januari

Wanacheza leo. Mvua imenyesha tangu asubui, rezo ya simu hakuna. Cécilia amefagia uwanja wa nyumba ndani ya mvua.

Jumatatu, 2 februari

Miye na Cécilia na Hawa tulifika kwa Christophe mbele hajafungua. Alipofungua, simu yake ilikuwa tayari imepokea. Ameanza kusoma toka juu. Wa kwanza, mutu wa Kolwezi. Wa pili sikumushika. Wa tatu, wa ine: Ayoubu. Hawa amesema "Alhamdulilahi" kwa sauti ya chini, hakupiga kelele, alikuwa ananiangalia miye. Wa tano. Wa sita. Wa saba. Cécilia alikuwa amefunga macho.

"Wa nane," Christophe amesema, na huyu mutu, zamani nilimupa kumi na tatu tu, amesimama wima, "Hervé."

Sikucheza. Nilikaa juu ya ile benchi yake yenye musumari. Cécilia aliweka kichwa chake kwa bega langu kama alipokuwa mudogo, na sikuhisi musumari. Hakuna Lusangi. Mwaka huu hakuna Lusangi.

Halafu Christophe amekohoa. "Kuna picha ingine, imekuja nyuma. Hii safari iko na kichwa, nimekisoma vizuri. Mipira iliyopotea, ligi nzima." Ametuonyesha kidole juu kabisa.

"Tena?" Hawa amesema.

"Tena. Wa kwanza. Lakini Safia ameandika maneno chini: Waambie mabibi, kwa ekipe yetu mipira mingi inapita kwa mikono ya huyu. Ndo maana anapoteza mingi."

Hawa amefikiri kidogo. "Ni kama weye na vikombe vyangu. Kila karamu unavunja, sababu kila karamu ni weye unaosha."

Basi tumetoka pale, tumepita nyumbani kwangu, na nimekamata ule bata mweusi, mukubwa kuliko ule mweupe. Nimemubeba chini ya kwapa mupaka kwa Faradji sokoni. Faradji ameacha vitenge vyake, ameuliza, "Mama, huyu ni wa nini?"

"Ni wa mipira iliyopotea."

"Hamujakoma?"

"Wa kwanza tulimuchinja kwa kutojua. Huyu tunajua. Chinja, mutoto wangu, elekea vizuri."

Sasa jua linashuka, bata iko kwa Hawa, muchele wangu iko kwa Hawa, na miye niko hapa na Cécilia tunamaliza kuandika hii siku ili Hervé ajue kwamba... Ngojea. Unasikia?

"Mama Cécilia! Weye mukongwe! Wali unashika chini! Utakuja ao nile muchele wako na simu yake peke yangu?"

"Nakuja! Usifunue chungu!"

"Nilishafunua!"

Kanga yangu iko wapi? Funga hiyo kalamu, Cécilia, twende, leo hakuna kusifu sombe.